Kufungua kava la pikapu ya gitaa bila kuua koili

Anayetaka kufungua kava la pikapu ya gitaa, yaani kile kifaa chini ya nyuzi kinachogeuza mtikisiko wake kuwa umeme, kwa mara ya kwanza huwa anaogopa joto. Ameshasikia kwamba ndani kuna nta, kuna plastiki, kuna waya mwembamba mno uliozungushwa mara nyingi, ndiyo koili. Basi anakwenda dukani kununua chuma cha kulehemu kidogo kuliko vyote, cha wati 15 au 25, akiamini kwamba kidogo ndicho salama. Kwa ninavyoona mimi, hapo ndipo pikapu nyingi huanza kufa. Chuma kidogo hakina nguvu ya kuyeyusha lehemu iliyoshikamana na bati pana. Kinachoweza kufanya ni kupasha bamba zima taratibu, mpaka joto linaifikia koili wakati lehemu yenyewe bado ni ngumu. Chuma kikubwa chenye ncha pana humaliza kazi kwenye lehemu kabla bamba halijapata habari.

Nazungumzia pikapu ya koili mbili, ile wapiga gitaa huiita hambaka. Ilibuniwa na Seth Lover, fundi wa umeme wa kampuni ya Gibson, mjini Kalamazoo, jimbo la Michigan nchini Marekani. Aliiombea hataza, ile haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1955, na magitaa yenye pikapu hiyo yakaanza kutoka kiwandani mwaka 1957. Shida aliyokuwa anaitafutia dawa tunaijua sote tuliowahi kupiga gitaa la koili moja karibu na taa za tyubu au transfoma: ule mvumo usiokoma chini ya muziki. Alichofanya ni kuweka koili mbili ubavu kwa ubavu, moja ikipokea sumaku kwa upande wa kaskazini na nyingine kwa upande wa kusini, kisha akaziunganisha kinyume. Mvumo wa umeme wa nje huingia kwenye koili zote mbili sawasawa, na kwa kuwa zimeunganishwa kinyume, mvumo wa hii unafuta wa ile. Mtikisiko wa nyuzi haufutiki, maana sumaku nazo zimegeuzwa, kwa hiyo sauti ya nyuzi inajumlishwa.

Kava ni kinga ya pili. Koili mbili zinafuta mvumo unaosafiri kwa sumaku, lakini kuna kelele nyingine, zile za mkwaruzo zinazotoka kwenye taa, dima (swichi ya kufifiza taa) na chaja, ambazo huzuiwa na bati lililounganishwa na ethi, yaani waya wa ardhini. Kwa hiyo kava limelehemiwa kwenye bamba la chini, na bamba la chini limeunganishwa na ule msuko wa waya unaozunguka waya wa katikati kwenye kebo ya pikapu. Wanaodhani kava ni pambo tu wanakosea.

Tena bati lenyewe halikuchaguliwa hovyo. Kava zuri hutengenezwa kwa aloi ya shaba, nikeli na zinki, kisha hupakwa nikeli juu, au kromu, au dhahabu. Aloi hiyo ina ukinzani mkubwa wa umeme kuliko shaba nyekundu au shaba ya njano. Sababu yake ni hii: nyuzi zinapotikisa uga wa sumaku, ndani ya bati huzaliwa mikondo midogo ya umeme inayojizungukia yenyewe, na mikondo hiyo hula sauti za juu. Bati lenye ukinzani mkubwa huibana mikondo hiyo, sauti za juu zikapita. Kwenye pikapu za bei ya chini viwanda vingi hutumia shaba ya njano, na hapo gitaa husikika kama limefunikwa blanketi. Kwaruza kidogo ukingo wa ndani wa kava usikoonekana: ukiona rangi ya njano, utajua ni nini kinachokula mlio wako.

Hii inanileta kwenye swali ambalo huwa namuuliza kila mtu kabla sijashika chochote: unalifungua kwa nini?

Alinijia kijana mmoja, mpiga solo wa kwaya, na gitaa lenye hambaka mbili. "Shikamoo fundi. Likipandishwa sauti linapiga mluzi. Wameniambia nitoe kava." Nikaitikia, nikachomeka gitaa kwenye amplifaya, nikapandisha sauti mpaka mluzi ukaja. Kisha nikalaza kiganja juu ya nyuzi zote sita zikanyamaza kabisa. Mluzi haukukata. Hiyo ndiyo alama. Mluzi unaotokana na nyuzi hufa ukizinyamazisha nyuzi. Huu ulikuwa unatoka kwenye pikapu yenyewe. Nikapunguza sauti, nikachukua penseli, nikagonga kava la pikapu ya nyuma, ile ya karibu na daraja. Tok, tok, kwenye spika, wazi kabisa, kama maikrofoni. Nikagonga la mbele. Kimya, isipokuwa kishindo kidogo cha mbali.

"Hili la mbele tunaliacha," nikamwambia.

"Lakini fundi, si yafanane?"

"Mdogo wangu, la mbele halina ugonjwa. Ukilifungua unaondoa kinga bila kupata kitu."

Kilichokuwa kinatokea kwenye pikapu ya nyuma ni rahisi kueleza. Kati ya kava na koili kuna nafasi ndogo ya hewa. Sauti kubwa ya spika inapolipiga kava, bati hilo jembamba linatetemeka ndani ya uga wa sumaku, mtetemo unageuka umeme, umeme unakwenda kwenye amplifaya, unatoka mkubwa zaidi, unalipiga kava tena. Ndiyo maana viwanda vingi siku hizi huzamisha pikapu kwenye nta iliyoyeyuka, ili nafasi hiyo ijae. Hambaka za mwanzo za Gibson hazikuzamishwa kwenye nta, na wapiga gitaa wa miaka ya 1960 walipoanza kupandisha amplifaya mpaka mwisho, mluzi ukawasumbua, wengi wakavua makava. Tiba nyingine ni kuizamisha pikapu kwenye nta kava likiwa mahali pake. Nilimweleza kijana njia zote mbili. Alitaka pia mlio wa nyuma uwe mkali kidogo zaidi, akachagua kufungua. Sababu hiyo niliikubali.

Kuna pikapu ambazo sifungui hata nikiombwa. Hambaka za Gibson za mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, zenye kibandiko kidogo cheusi chini kinachosema hataza imeombwa, huuzwa kwa fedha nyingi mno, na sehemu ya thamani hiyo iko kwenye lehemu ya kiwandani ambayo haijaguswa. Karibu na mwaka 1959 kiwanda kilipungukiwa plastiki nyeusi, kikatumia pia nyeupe ya maziwa, kwa hiyo chini ya kava unaweza kukuta koili mbili nyeusi, mbili nyeupe, au moja moja. Wenye tamaa ya kuona rangi wamevunja lehemu nyingi kwa ajili hiyo. Hata vibandiko vyake vina historia: vile vilivyofuata vilibeba namba 2,737,842, ambayo ni hataza ya Les Paul ya kishikio cha nyuzi. Namba ya Lover ni 2,896,491. Ukikutana na gitaa la aina hiyo kwa mzee yeyote aliyelitunza tangu zamani, mshauri alipeleke kwa mtaalamu wa magitaa ya kale, wewe usiliguse.

Haya, tuseme sababu ipo na pikapu ni ya kawaida.

Legeza nyuzi, toa fremu ya plastiki, inua pikapu. Kama waya ni mrefu wa kutosha pikapu ikalala mezani bila kuvuta, hakuna haja ya kuikata kwenye saketi, ila funika mwili wa gitaa kwa kitambaa kizito, maana tone moja la lehemu likidondokea rangi limeacha alama ya kudumu. Kama waya ni mfupi, piga picha ya viungo vyote, kisha ifungue.

Sasa chukua mita ya kupimia umeme, pima ukinzani kati ya waya wa katikati na msuko wa nje. Ikiwa hukuikata kwenye saketi, fungua sauti yote kwenye kitufe, chagua pikapu hiyo peke yake, upime kwenye jeki, tundu la kuchomekea kebo ya gitaa. Namba itapotoka kidogo lakini itakufaa kwa kulinganisha. Hambaka ya kawaida ya mtindo wa zamani husoma kati ya kilo-omu 7 na 8.5. Andika namba hiyo kwenye karatasi. Kama pikapu ina waya nne, pima kila koili peke yake; rangi za waya hutofautiana kwa kila kiwanda, kwa hiyo tafuta mchoro wa kiwanda husika. Bila namba ya kabla, baadaye hutajua kama umeharibu kitu au ulikikuta kimeharibika.

Fikiria kidogo namba hiyo inatoka wapi. Waya wa koili una kipenyo cha karibu milimita 0.063, na umezungushwa takriban mara 5,000 kwenye kila koili. Ukiukunjua wote, unapita kilomita moja. Waya huo uko milimita chache tu ndani ya kava, umezungukwa na tepu nyembamba, na mwingine hauna hata tepu. Ukikatika mahali popote, koili hiyo imekwisha, labda upate ncha iliyokatikia nje na uweze kuiunga. Ndiyo maana bisibisi haina kazi kabisa kwenye shughuli hii.

Igeuze pikapu. Bamba la chini liko ndani ya kingo za kava, na katikati ya kila ubavu mrefu utaona kilima cha lehemu kinachoshika kava na bamba pamoja. Vilima viwili, basi. Skrubu ndogo nne za chini, zile zinazoshika koili, usiziguse. Wala zile sita za juu za kurekebisha huna haja ya kuzitoa, kwa kuwa kwenye pikapu nyingi vichwa vyake hupita kwenye matundu ya kava; vikibana tu ndipo utashughulika navyo.

Ishike pikapu kati ya vipande viwili vya mbao laini, kwa kubana ncha zake fupi, si ubavu. Jiriwa la chuma tupu lina ubaya mara mbili: hunyonya joto unalolihitaji kwenye lehemu, na unga wa chuma uliomo kwenye meno yake huvutwa na sumaku.

Chuma cha kulehemu kiwe cha wati 60 au zaidi, ncha bapa yenye upana wa milimita 4 au 5, joto kama nyuzi 380 hadi 400 za Selsiasi. Lehemu ya risasi na bati huyeyuka kwenye nyuzi 183 hadi 190 hivi. Ile isiyo na risasi hutaka zaidi ya 215. Nta ya pikapu huyeyuka karibu na nyuzi 60, na plastiki ya koili nyingi hulainika mapema vilevile. Ukiziangalia namba hizo utaona kwa nini nasisitiza kasi. Lazima eneo dogo lipite nyuzi 183 huku sentimita moja pembeni pakibaki chini ya 60, na hilo linawezekana kwa sekunde chache tu.

Pakaza flaksi, dawa inayosaidia lehemu kuyeyuka na kushika, kwenye kilima. Gusisha ncha iliyokwisha kupakwa lehemu mpya, na uongeze lehemu mpya kidogo juu ya ile ya zamani. Wengi hushangaa: tunaondoa lehemu, mbona tunaongeza? Ya zamani imeota ukungu wa kijivu na haipokei joto vizuri. Mpya inaiamsha. Angalia kwa makini: kilima cha kijivu kinaanza kung'aa upande wa ncha, mng'ao unatembea, halafu ghafla kilima chote kinalegea na kuwa tone moja linalotikisika. Hapo hapo pitisha bomba la kunyonyea lehemu, vuta. Kutoka kugusa mpaka kuvuta iwe sekunde 3 hadi 5. Ikifika 5 na tone halijalegea, ondoa chuma, acha pikapu ipoe mpaka bamba uliguse kwa kidole bila kusikia joto, ndipo ujaribu tena. Kukaza tu, ukingoja iyeyuke, ndiyo ile njia ya chuma kidogo niliyoianza nayo.

Baada ya bomba itabaki tabaka nyembamba. Tandika utambi wa shaba uliolowa flaksi juu yake, bonyeza kwa ncha, uinue utambi na chuma kwa pamoja. Ukitangulia kuinua chuma, utambi unagandia hapo. Acha ipoe. Ndipo uende upande wa pili. Hakikisha dirisha liko wazi, maana moshi wa flaksi si wa kuvuta, na unawe mikono kabla ya kula kitu chochote.

Mara nyingi kava bado litakuwa limeshika kwa uzi mwembamba wa lehemu kwenye mshono. Chukua wembe wa kisu cha kukatia karatasi, uingize ncha yake kwenye mshono palepale kilima kilipokuwa, milimita moja tu, usogeze mbele na nyuma mpaka usikie umeachia. Wembe ulale sambamba na ukuta wa kava na usizame, kwa sababu ng'ambo ya mshono huo ndiko koili ilipo. Wapo wanaotumia mashine ndogo ya kukatia yenye kisahani, na kwa mkono uliozoea inafanya kazi. Mimi naikwepa: vumbi la lehemu na kisahani linaingia kila mahali, na mtelezo mmoja unafika kwenye waya.

Lehemu ikishaachia, watu hudhani kava litadondoka lenyewe. Halidondoki. Nta bado imelishika, na hapa ndipo subira inapohitajika, kinyume kabisa na kwenye lehemu. Pasha uso wa kava kwa drai ya nywele, ukiitembeza, mpaka kava liwe la moto mkononi lakini bado linashikika. Nta italainika bila kuyeyuka. Shika kava kwa vidole vya mkono mmoja na bamba kwa mkono mwingine, vuta moja kwa moja juu, ukiinua ncha hii kidogo, halafu ile, kidogo kidogo. Tazama ndani kadiri pengo linavyofunguka. Ukiona tepu ya koili inapanda pamoja na kava, simama. Rudisha, pasha tena, upenyeze ukanda wa plastiki laini, kama uliokatwa kwenye chupa ya maji, kutenganisha tepu na bati. Tepu ikichanika si msiba, ila waya wa nje wa koili umelala chini yake na mara nyingine umegandana nayo.

Na kama kwenye mshono unaona kitu kigumu cha kung'aa kisicholainika kwa joto la drai, hiyo ni epoksi, gundi inayoganda kama jiwe. Funga, rudisha lehemu, mwambie mwenye gitaa ukweli. Pikapu iliyomwagiwa epoksi kava lake hutoka na koili.

Kwenye gitaa la yule kijana kava lilitoka likiwa na sahani nzima ya nta imeganda ndani, ila katikati palikuwa na shimo la upana wa sarafu ambako nta haikufika. Mluzi ulikuwa unazaliwa hapo.

Futa nta iliyozidi kwa kitambaa kikavu au kijiti cha mti. Thina na petroli ziache mbali, zinakula plastiki na ngozi ya waya. Kama koili iko wazi, izungushie tepu ya karatasi au ya kitambaa, bila kukaza. Kisha pima. Hapa kuna jambo linalowatia watu hofu ya bure: ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo pikapu iliyosoma 7.5 ikiwa baridi inaweza kusoma 8 ikiwa na joto. Iache ipoe kabisa, ndipo ulinganishe na namba uliyoandika. Ikirudi palepale, koili ni nzima. Ikisoma nusu au isisome kitu, anza kwa kuangalia viungo vya waya vilivyo katikati ya koili mbili chini ya tepu, maana hivyo huathirika kwanza, na vinatengenezeka.

Pikapu ya mbele ya Telecaster, gitaa la kampuni ya Fender, ni habari tofauti. Kava lake hushikwa na vidole vya bati vilivyokunjwa chini, kimoja kikiunganishwa na ethi, na koili yake imezungushwa moja kwa moja kwenye sumaku bila ukuta wa plastiki. Haya niliyoeleza usiyahamishie kule.

Kuhusu mlio, usitegemee gitaa jipya. Kava likiwa la aloi nzuri, tofauti ni ndogo: juu panafunguka kidogo, basi. Likiwa la shaba ya njano, tofauti unaisikia hata ukiwa chumba cha pili. Mvumo hautarudi, kwa kuwa koili mbili bado zinafanya kazi yake, ila kwenye ukumbi ambao soketi hazina ethi, ule mkwaruzo wa taa utasikika zaidi ya zamani.

Kava lifunge kwenye mfuko na umpe mwenye gitaa. Halafu rekebisha kimo, kwa kuwa bila kava ile nafasi kati ya nyuzi na koili imebadilika. Bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho, pima kutoka kwenye chuma cha sumaku mpaka chini ya uzi. Milimita 1.6 nyuma na 2.4 mbele ni pa kuanzia, kisha shusha au pandisha nusu zamu kwa kila skrubu ya pembeni huku mwenye gitaa anapiga, mpaka pikapu iliyovuliwa na iliyofunikwa zitoe sauti ya ukubwa mmoja anapohama kutoka moja kwenda nyingine katikati ya wimbo.